Kampuni tatu, bei tatu: tuchague intaneti ipi ya nyumbani?

SWALI

Habari za kazi, washauri.

Nyumba yetu ina watu sita: mimi na mume wangu, watoto watatu, na mama mkwe anayekaa chumba cha chini. Mimi na mume wangu tunafanya kazi nyumbani siku nne kwa wiki, na mara nyingi wote wawili tuko kwenye mikutano ya video saa zilezile. Intaneti tuliyo nayo inapita kwenye waya wa simu ya mezani na mkataba unasema "hadi Mbps 20" (megabiti kwa sekunde). Jioni nikipima kwa simu nikiwa chumbani napata 7 za kupakua na 0.8 za kupakia. Mkutanoni wenzangu wananiambia sauti inakatika na picha yangu imeganda, ila mimi nawaona na kuwasikia wao bila shida kubwa.

Tumeamua kuhama. Nimeondoa sufuri za mwisho kwenye bei ili hesabu isomeke kwa urahisi. Kampuni ya kwanza inauza kifurushi cha faiba chenye intaneti ya Mbps 100 kupakua na 20 kupakia, chaneli 80 za televisheni na simu ya mezani. Tangazo linasema 40 kwa mwezi. Kwa maandishi madogo: baada ya miezi 6 ni 65, kufungiwa ni 50, kila king'amuzi ni 5 kwa mwezi (tunahitaji viwili), na mkataba ni wa miezi 24. Wanayo pia intaneti peke yake kwa 45, yenye kasi ileile na kufungiwa kwa 50, lakini karani alisema haina faida. Kampuni ya pili inauza kisanduku cha 5G kwa 120, kisha 45 kwa mwezi, bila mkataba, "hadi Mbps 300", na ukivuka GB 500 kasi inashuka hadi Mbps 5. Ya tatu ni hii tuliyo nayo, ambao wametuahidi punguzo tukibaki.

Baba watoto hataki kukosa mpira, na karani alimhakikishia kuwa "chaneli za michezo zipo". Dishi letu la zamani bado liko juu ya paa na tunalipia 15 kwa mwezi tunaotaka. Mama mkwe ana namba yake ya mezani ya miaka mingi, na kifaa cha dharura anachovaa shingoni hupiga simu kupitia laini hiyo. Nilisahau: mwaka huu tumefunga kamera mbili za ulinzi zinazohifadhi picha mtandaoni muda wote. Tufanyeje?

Mama wa Watatu

JIBU

Mama wa Watatu, tuanze na hizo kamera ulizozitaja mwishoni, kwa sababu ndiko tatizo lako la sasa linakoelekea.

Kamera ya ulinzi yenye picha ya 1080p, yaani HD kamili, inayorekodi mfululizo hutuma takriban Mbps 2. Mbili ni Mbps 4. Laini yako inapakia 0.8. Huduma kama yako, ADSL, yaani intaneti inayopita kwenye waya wa shaba wa simu, iliundwa kwa ajili ya watu wanaopokea zaidi kuliko wanavyotuma, na hata laini ikiwa nzima kabisa, upande wa kupakia huishia Mbps 1 au zaidi kidogo tu. Kwa hiyo kamera zinaijaza njia hiyo usiku na mchana, na sauti yako ya mkutanoni inasubiri foleni ndani ya modemu. Wewe unawasikia wenzako kwa sababu sauti zao zinapita upande wa kupakua, wao ndio hawakusikii. Upande wa kupakia ukijaa, hata kupakua hupungua, maana kompyuta inayopokea faili lazima ijibu kila mara kwamba imepokea, na majibu hayo yanapita kwenye njia ileile iliyosongamana.

Leo jioni chomoa kamera zote mbili kwa nusu saa, halafu mpigie mtu kwa video. Sauti ikitulia, umepata jibu bila kulipa chochote. Kwa sasa zibadilishe zirekodi kwenye kadi ya kumbukumbu iliyo ndani ya kamera na zitume mtandaoni pale tu zinapoona mtu anasogea. Kamera nyingi zina mpangilio huo kwenye programu yake ya simu.

Jambo la pili ni namna unavyopima. Kupima kwa simu ukiwa chumbani hupima Wi-Fi na laini kwa pamoja, na huwezi kujua ni ipi yenye kosa. Chukua kompyuta, iunganishe na ruta kwa waya, zima Wi-Fi ya kompyuta hiyo, kisha pima mara tatu: alfajiri, mchana, na kati ya saa 2 na saa 4 usiku. Andika kupakua, kupakia na ucheleweshaji, yaani muda wa jibu kurudi, kwa milisekunde. Kisha, kwenye kompyuta ya Windows, fungua dirisha la amri uandike `ipconfig`. Anwani iliyo mbele ya "Default Gateway", mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, ndiyo ruta yako. Chomoa waya, washa tena Wi-Fi, rudi chumbani na uandike `ping -n 100` ikifuatiwa na anwani hiyo; amri hii hutuma ujumbe mdogo mara 100 na kupima muda wa kila jibu. Majibu yakija chini ya milisekunde 10 karibu yote, Wi-Fi yako ni nzima. Yakiruka hadi 200, au mengine yakapotea, kosa liko ndani ya nyumba na kampuni yoyote utakayohamia utalikuta palepale. Ukimaliza, rudia amri hiyo kwa anwani ya 1.1.1.1, ambayo ni kompyuta iliyo nje kwenye intaneti, ili uone na hali ya nje.

Hata hivyo tunakubaliana nanyi kuhama. Mikutano miwili ya picha safi kwa wakati mmoja inataka kati ya Mbps 3 na 8 za kupakia, kulingana na ubora wa picha, na waya wa shaba wa aina hii hauwezi kuzifikisha hata kamera zikizimwa. Punguzo la kampuni ya sasa linashusha bei tu, laini inabaki vilevile.

Tuje kwenye bei. Tangazo lisome kwa hesabu ya mkataba mzima. Kifurushi cha faiba: miezi 6 kwa 40 ni 240, miezi 18 kwa 65 ni 1,170, kufungiwa 50, ving'amuzi viwili kwa miezi 24 ni 240. Jumla 1,700, yaani karibu 71 kwa mwezi, wala siyo 40. Intaneti peke yake: 45 mara 24 ni 1,080, ongeza 50, inakuwa 1,130. Kisanduku cha 5G: 1,080 na 120, inakuwa 1,200.

Sasa angalia pengo la kifurushi na intaneti peke yake: 570 kwa miaka miwili, karibu 24 kwa mwezi. Hiyo ndiyo bei halisi ya televisheni na simu, hata wakikwambia simu ni ya bure. Dishi mnalolipia 15, mkiliwasha miezi 9 ya msimu wa mpira kila mwaka, litagharimu 270 kwa miaka miwili. Inabaki 300, ambayo inatosha kabisa kuishughulikia simu ya mama mkwe. Karani aliyesema intaneti peke yake haina faida hakukosea sana, ila faida aliyoizungumzia ni ya kampuni yake.

Kuhusu mpira, "chaneli za michezo zipo" ni maneno ya kuuzia. Haki za kuonyesha ligi hununuliwa moja moja, na chaneli ya michezo inaweza kuwa inaonyesha tenisi na marudio ya zamani. Omba orodha ya chaneli kwa majina, tafuta chaneli inayoonyesha ligi anayoifuata baba watoto, na uulize kama iko kwenye chaneli 80 au kwenye nyongeza ya kulipia. Mpira unaopitia programu za intaneti huchelewa, mara nyingi nusu dakika hivi nyuma ya dishi, hivyo jirani atashangilia bao kabla yenu. Dishi nalo hukatika mvua kubwa inaponyesha kwa sababu matone hunyonya mawimbi yake. Kwa nyumba yenu bado tungelibakiza, hasa kwa kuwa hamfungwi na mkataba.

Kisanduku cha 5G kinavutia kwa kuwa huru, na kwa nyumba ya mtu mmoja au wawili tungekitetea. Kwenu kuna mawili yanayokikwamisha. La kwanza ni kikomo. Video ya 1080p hutumia takriban Mbps 5, ambayo ni GB 2.25 kwa saa. Saa 4 za kutazama kwa siku, mkijumlisha televisheni zote, ni GB 9, na kwa mwezi GB 270. Mikutano yenu wawili, saa 3 kila mmoja kwa siku, ikitumia Mbps 4 kwa kwenda na kurudi, ni karibu GB 11 kwa siku ya kazi. Siku 16 ni zaidi ya 170. Tayari mko 440, watoto hawajapakua mchezo hata mmoja. Kamera zikiendelea kama zilivyo, kila moja hutuma GB 21.6 kwa siku, zote mbili zaidi ya 1,290 kwa mwezi. GB 500 zitakuwa zimekwisha kabla siku ya 10 haijapita, na siku zilizobaki mtaishi na Mbps 5.

La pili ni kwamba mnara wa simu hugawana uwezo wake kwa kila aliye ndani ya eneo lake. "Hadi 300" huonekana saa 10 alfajiri. Jioni watu wanaporudi nyumbani, kinachobaki hutegemea wingi wao na umbali wenu na mnara. Faiba nayo hugawanywa, mara nyingi tawi moja kwa nyumba 32 au 64, lakini tawi la aina ya GPON, mfumo unaotumiwa sana kwa faiba ya nyumbani, hubeba Mbps 2,488 za kupakua, na hali ya hewa na kuta haviligusi. Kama bado mnakitamani kisanduku, ombeni kukijaribu kwa siku saba. Kiwekeni dirishani upande wa mnara, fungueni ukurasa wake wa mipangilio, tafuteni namba iitwayo RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya mnara. Kati ya -80 na -95 ni nzuri. Ikishuka chini ya -110 rudisheni. Kisha pimeni kupakia saa 3 usiku. Matangazo mengi hayaitaji kasi hiyo ya kupakia kabisa.

Kwa hiyo tunasema: faiba, intaneti peke yake, Mbps 100 za kupakua na 20 za kupakia. Msikubali kupandishwa hadi kasi kubwa zaidi, kama 300. Mikutano miwili ikichukua 8 za kupakia na kamera 4, kati ya 20 zinabaki 8. Kupakua, televisheni mbili za 1080p ni 10, mikutano 8, na hata televisheni moja ikiwa ya 4K, picha safi kuliko 1080p, inataka takriban 15. Hamfiki nusu ya 100. Kumbukeni pia kwamba namba za mkataba ni megabiti, na faili hupimwa kwa megabaiti. Megabaiti moja ni megabiti 8. Faili ikishuka kwa megabaiti 12 kwa sekunde kwenye laini ya 100, hiyo laini inafanya kazi yake yote.

Kabla ya kutia sahihi, pata majibu haya kwa maandishi, barua pepe inatosha. Je, waya utakaoingia ndani ya nyumba ni wa kioo au wa shaba? Kampuni nyingine huita faiba huduma ambayo kioo kinaishia kwenye kabati la mtaani na mita za mwisho ni shaba ileile mnayoikimbia. Je, kasi ya chini wanayoidhamini jioni ni ipi, na ikishuka chini ya hapo naweza kuvunja mkataba bila faini? Mkataba wa intaneti peke yake ni wa miezi mingapi, na bei ya 45 inadumu muda gani? Hili la mwisho hukulitaja, na hesabu yetu yote inalitegemea. Uliza pia faini ya kuondoka mapema inahesabiwaje, na kama kubadili kasi katikati huanzisha mkataba upya, maana wengi hunaswa hapo bila kujua.

Siku ya kufungiwa, msikubali kisanduku cha faiba kiwekwe pembeni kabisa ya nyumba kwa sababu tu ndipo waya unapoingilia. Mwambieni fundi aufikishe karibu na katikati ya nyumba, juu ya kabati, mbali na friji na ukuta wa zege. Waya wa faiba usikunjwe kona kali wala kubanwa na mlango; mwanga huvuja kwenye mkunjo na kasi hufa taratibu. Mwombeni awaonyeshe nguvu ya mwanga kwenye kipimo chake. Kwa GPON kiwango kinachokubalika ni kati ya -8 na -27 dBm, ila ikiwa -26 siku ya kwanza, mwambieni asafishe au aunge upya, kwa sababu hakuna akiba iliyobaki. Pigeni picha ya namba hiyo.

Chumba cha mama mkwe kiko chini, na Wi-Fi ya 5 GHz haipendi sakafu ya zege. Vuteni waya wa mtandao wa aina ya Cat 5e kutoka kwenye ruta hadi chumbani kwake, ambao hubeba Mbps 1,000 hadi mita 100, na mwisho wake mfunge ruta ndogo ya pili iliyowekwa kama kituo cha Wi-Fi tu. Vifaa vya kukuza mawimbi vinavyochomekwa ukutani na kurudia Wi-Fi hewani ni rahisi kununua, lakini vingi hupunguza kasi karibu nusu kwa sababu hupokea na kutuma kwenye masafa yaleyale. Kwenye Wi-Fi ya 2.4 GHz chagueni chaneli 1, 6 au 11 peke yake, hizo ndizo zisizopandiana.

Sasa mama mkwe, na hapa tunawaomba msifanye haraka. Simu ya zamani ya shaba hupata umeme wake kutoka kituo cha simu, volti 48 kupitia waya uleule, ndiyo maana ilikuwa ikilia hata umeme ukikatika. Simu inayopita kwenye faiba haina hilo. Umeme wa nyumbani ukizimika, kisanduku kinazimika, ruta inazimika, na kifaa cha shingoni kinabaki pambo. Zaidi ya hapo, baadhi ya vifaa vya dharura hutuma ishara kwa milio ya simu ya zamani, na milio hiyo huharibika ikibanwa kupita kwenye intaneti, ingawa mazungumzo ya kawaida yanasikika vizuri.

Pigeni simu kwa waliouza kifaa hicho na muulize swali moja: je, kinafanya kazi kwenye simu ya intaneti, au mna toleo lenye laini ya simu ya mkononi ndani yake? Toleo la pili ndilo salama zaidi, kwani lina betri yake na halitegemei ruta yenu. Kwa simu ya mezani yenyewe, nunueni betri ya akiba kwa ajili ya kisanduku na ruta. Vyote viwili hutumia takriban wati 20. Betri ya wati-saa 100, ukitoa upotevu, huviwasha zaidi ya saa 4. Someni kibandiko cha kila adapta kwanza, kwani kifaa cha volti 12 kikichomekwa kwenye tundu la volti 24 kitaungua.

Namba yake inaweza kuhamishwa pale sheria za nchi na kampuni zinaporuhusu, lakini mpangilio wa hatua ndio huamua kama itapona. Msikate laini ya zamani. Namba iliyokatwa hurudi kwa kampuni na mara nyingi haiwezi kuhamishwa tena. Fungiwa faiba kwanza. Itumieni wiki mbili sambamba na laini ya zamani, jioni zote, na mikutano yote. Mkiridhika, ombeni kampuni mpya, au mtoa huduma wa simu ya intaneti mliyemchagua, ivute namba. Jina na namba ya akaunti kwenye ombi vilingane herufi kwa herufi na bili ya zamani, la sivyo ombi hurudishwa. Na kama laini iko kwa jina la mama mkwe, ni yeye atakayetia sahihi. Jueni kwamba namba ikishahama, intaneti inayopita kwenye waya huo huzimika nayo. Siku hiyohiyo kijaribuni kifaa cha dharura kwa kukibonyeza na kusubiri wajibu, kisha zimeni umeme kwenye swichi kuu na mkibonyeze tena.

Bili ya kampuni ya zamani haisimami yenyewe namba inapohama kama mkataba wa intaneti uliandikwa kando. Peleka barua ya kusitisha, rudisha modemu pamoja na adapta yake, piga picha namba za kibandiko chini yake, na usiondoke kaunta bila risiti yenye namba hizo.